Majina ya Wadogo: Mhadhara Kuhusu Gegereka wa Maji Baridi

Usiku usio na mwezi, wavuvi wa Kigoma, Rumonge na Kalemie huwasha taa na kuingia Ziwa Tanganyika kutafuta dagaa. Taa huwavuta dagaa hao, ambao Burundi huitwa ndagala, lakini kinachowatoa vilindini walikoshinda mchana ni chakula chao. Jua likizama, wanyama wasiofikia milimita mbili hupanda kwa mamilioni kuelekea juu. Kukikaribia kupambazuka hushuka tena. Mmoja wa wanyama hao anaitwa Tropodiaptomus simplex. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 1909 na Georg Ossian Sars, profesa wa Christiania, mji ambao leo ni Oslo, Norwe. Sars hakuingia ziwani kumtafuta. Aliletewa vielelezo, vilivyokusanywa na William Cunnington katika safari yake ya 1904 na 1905, akavichambua mezani kwake.

Mhadhara huu unafuata njia hiyo, kutoka majini hadi mezani, na unashikilia hoja moja. Spishi mpya haigunduliwi pale wavu unapotolewa majini. Inagunduliwa siku ambayo mtu anamweka mnyama kando ya wenzake waliokwisha kuelezwa, anawalinganisha kiungo kwa kiungo, na anaona kwamba huyu hana jina. Kwa zaidi ya karne moja meza za kulinganishia gegereka wadogo wa Afrika Mashariki zimekuwa Ulaya. Gharama ya umbali huo inaonekana katika uvuvi, katika afya na katika usimamizi wa maji.

Gegereka ni ukoo wa kaa na kamba. Kila mtu wa pwani anawajua walio wakubwa, na uduvi hauhitaji kutambulishwa. Katika maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, walio wengi ni wadogo mno kuonekana vizuri kwa macho. Kuna kopepodi, wenye mwili kama punje na vipapasio virefu. Jike hubeba mayai katika vifuko vinavyoning'inia kwenye mkia. Kuna dafnia na jamaa zake, wanaoogelea kwa kurukaruka. Kuna ostrakodi, waliojifungia ndani ya magamba mawili kama ya chaza, wengi wao wasiofikia milimita mbili. Ostrakodi wana maajabu yao wenyewe: katika baadhi ya koo, mbegu moja ya dume ni ndefu kuliko mwili wa dume mwenyewe.

Wanyama hawa wamo ziwani, mtoni, kisimani, katika dimbwi la barabarani na katika shimo la mti lililojaa mvua. Wamo pia mahali pakavu, na hapo ndipo Sars alipoonyesha ubunifu ambao bado unastahili kusimuliwa.

Madimbwi mengi ya nchi za joto hukauka kila mwaka. Gegereka wake hufa, lakini kabla ya kufa huacha mayai yenye ganda gumu yanayostahimili ukavu ndani ya udongo. Sars alielewa kwamba udongo huo mkavu ni mkusanyiko wa wanyama hai. Mwaka 1885 alichapisha maelezo ya dafnia na jamaa zake kutoka Australia, aliowafuga Norwe kutokana na tope lililokaushwa na kusafirishwa kwa meli. Baadaye alifanya hivyo kwa tope la Afrika Kusini na la Amerika Kusini. Udongo uliwekwa katika vyombo vya kioo, ukatiwa maji, kisha ukasubiriwa. Mayai yakaanguliwa, wanyama wakakua, wakazaa, naye akawachora wakiwa hai, rangi zao zikiwa hazijafifishwa na spiriti.

Faida ya njia hii ilikuwa kubwa kuliko kuokoa nauli. Mnyama aliyekufa safarini huonyesha umbo lake tu, na mara nyingi umbo lenyewe limeharibika. Mnyama aliyefugwa huonyesha utoto wake, ujana wake, tofauti ya dume na jike, na jinsi anavyoogelea. Mtu anayewaona wote hawezi kwa urahisi kumpa mtoto jina moja na mama yake jina lingine, kosa ambalo lilikuwa likitokea katika elimu ya viumbe ya karne ile. Subira ya mayai hayo pia ni ndefu kuliko Sars alivyoweza kujua. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyoangua mayai ya kopepodi yaliyokaa chini ya tope la ziwa kwa zaidi ya miaka 300.

Pwani ya Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kuingia katika habari hii kabla ya Sars kuandika juu ya Tanganyika. Franz Stuhlmann, Mjerumani ambaye mwaka 1902 angekuwa mwanzilishi wa taasisi ya utafiti ya Amani, Usambara, alifika Zanzibar mwaka 1888 na kuanza kuchota viumbe katika maji ya kisiwani na ya bara. Ostrakodi wake walipelekwa kwa Václav Vávra, Mcheki, aliyechapisha maelezo ya wale wa Zanzibar mwaka 1895. Kopepodi walishughulikiwa na Mcheki mwingine, Alois Mrázek, na mmoja wa aliowaeleza anabeba hadi leo jina la mkusanyaji: Tropodiaptomus stuhlmanni. Mwaka 1910 Jenő Daday wa Hungaria alitoa kitabu kizima kuhusu viumbe wadogo wa maji baridi ya koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki. Kwa hiyo maji ya Zanzibar na ya bara yalisomwa kwa Kijerumani mapema sana, na watu waliokuwa wakiyachota kila siku kwa ndoo na kata hawakuambiwa lolote.

Ni kazi gani hasa inayofanywa mezani? Mtu anayetaka kumtambua kopepodi humlaza katika tone la glisirini juu ya kioo, kisha kwa sindano nyembamba humng'oa miguu jozi baada ya jozi chini ya hadubini. Mguu unaotazamwa kwa makini zaidi ni wa tano. Kwa madume wa jamii ya Tropodiaptomus, mguu wa tano wa kulia huishia kwenye kucha ndefu inayotumika kumshika jike, na kila spishi ina mchoro wake wa kucha hiyo: mkunjo wake, miiba yake, mahali miiba hiyo inapoota. Kipapasio cha kulia cha dume nacho kina kiungo kinachokunjika. Vinywele huhesabiwa kimoja kimoja. Kila kipande huchorwa. Kisha huja kazi inayochosha kuliko zote, kusoma maelezo ya kila spishi jirani iliyokwisha kuchapishwa, pengine kwa Kijerumani, Kifaransa au Kilatini, ili kuhakikisha kwamba hakuna aliyetangulia. Mwishoni mnyama mmoja huteuliwa kuwa ndiye mwenye jina, na huhifadhiwa katika jumba la makumbusho ili yeyote mwenye shaka aende kumtazama. Siku hizi kipande cha mwili hupelekwa pia kupimwa DNA.

Kuonwa na kutambuliwa, basi, ni mambo mawili, na katikati yake miaka mingi inaweza kupita.

Ziwa Tanganyika linaonyesha jambo hili kuliko mahali pengine popote Afrika. Lina kina cha takriban mita 1,470, na umri wake hukadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Mwaka 1883 Richard Böhm aliona humo kiwavi wa bahari, mnyama laini ambaye wengi walimjua kama wa maji ya chumvi. Konokono wa ziwa hilo nao walifanana na wa baharini. Mwingereza J.E.S. Moore alifunga safari mbili huko katika miaka ya 1890, na mwaka 1903 alitoa kitabu akitetea kwamba Tanganyika ni mabaki ya bahari ya kale iliyofungiwa bara. Ilikuwa hoja tamu, nayo ilivuta watu na fedha za safari.

Gegereka walisaidia kuiangusha. Uduvi aliowaleta Moore walielezwa na William Calman mwaka 1899, naye akawapa jenasi mpya, Limnocaridina. Walionekana kuwa wa kipekee, lakini ukoo wao, Atyidae, ni ukoo wa maji baridi. Kadiri vielelezo vya Cunnington vilivyogawiwa kwa wataalamu, ndivyo ilivyodhihirika kwamba wanyama wa ziwa lile walitokana na wazazi wa maji baridi, wakabadilika humohumo kwa muda mrefu. Mwaka 1920 Cunnington alichapisha ulinganisho mpana wa wanyama wa maziwa ya Afrika, na nadharia ya bahari ikakosa pa kusimama. Hoja kubwa kuhusu historia ya bara ilikatwa kwa miguu ya uduvi, na hilo ni jambo linalopaswa kufundishwa katika shule za Kigoma na Uvira.

Ostrakodi wa Tanganyika wanadai mjadala wao peke yao. Waliopata majina hawajafika nusu ya spishi 200 ambazo wataalamu wamekadiria kuwamo ziwani, na wengi mno hawapatikani mahali pengine duniani. Wanaishi juu ya mchanga, kati ya mawe, katika tope la kina kidogo, kila spishi na mahali pake. Magamba yao hubaki katika tope baada ya kufa, safu juu ya safu, na kwa sababu hiyo ni kumbukumbu ya ziwa. Mwaka 1993 Andrew Cohen na wenzake walionyesha kwamba mahali ambapo ufyekaji wa milima ulileta udongo mwingi ziwani, aina za ostrakodi zilipungua. Udongo hufunika mawe, huziba nafasi za kujificha, na huharibu vyakula. Hoja hiyo isingewezekana kama watafiti wangekuwa na neno moja tu kwa wote, ostrakodi, kwa sababu idadi ya vichwa inaweza kubaki vilevile huku spishi kumi zikibaki mbili.

Ziwa Kivu limekwisha kupata hasara ya aina hii. Mwishoni mwa miaka ya 1950 dagaa wa Tanganyika, Limnothrissa miodon, walihamishiwa huko ili watu wa Rwanda na Kongo wapate kitoweo. Walistawi, na leo sambaza ni chakula na biashara ya pande zote mbili za ziwa. Lakini dafnia mkubwa aliyekuwa katika maji ya wazi ya Kivu, Daphnia curvirostris, alitoweka baada ya samaki hao kuingia. Inajulikana hivyo kwa sababu sampuli za zamani zilikuwapo na aliyekuwamo alikuwa ametambuliwa. Uamuzi wa kuleta samaki una utetezi wake, na tumbo la mtoto wa Goma au Gisenyi si jambo la kupuuzwa. Hata hivyo, kipimo cha bei iliyolipwa kilitegemea chupa za maji ya miaka ya nyuma na watu waliozisoma.

Mfano wenye uzito zaidi unagusa ugonjwa. Mwaka 1870 Alexei Fedchenko, Mrusi, akiwa Turkestani, aligundua kwamba watoto wa mnyoo wa Guinea huingia ndani ya kopepodi wa jamii ya Cyclops. Anayekunywa maji yenye kopepodi huyo humeza mnyoo, na baada ya takriban mwaka mmoja mnyoo mzima hutoboa ngozi, mara nyingi mguuni, akiwa na urefu unaoweza kufika mita moja. Kinga ikapatikana humohumo katika umbo la mnyama: kopepodi ni mkubwa kiasi cha kuzuiwa na kitambaa kilichofumwa kwa ukaribu. Mwaka 1986 ugonjwa huo ulikadiriwa kuwapata watu milioni 3.5 kwa mwaka. Mwaka 2023 waliothibitishwa duniani kote walikuwa 14. Uganda ilithibitishwa kuwa huru mwaka 2009, Kenya 2018, na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022.

Lakini ni kopepodi yupi? Kwa miongo mingi, kopepodi wa aina moja kutoka Ulaya, Asia na Afrika waliandikwa wote kwa jina la Mesocyclops leuckarti, ambaye alielezwa Ujerumani mwaka 1857. Jina lilikuwa gunia. Mwaka 1981 Friedrich Kiefer, aliyeutumia karibu umri wake wote kwa kopepodi, alilifungua. Akaonyesha kwamba waliokuwamo ni spishi nyingi, na kwamba zile za Afrika zina majina yao. Miaka mitatu baadaye Isabella Van de Velde alizipanga upya spishi za Afrika. Hakuna wavu mpya uliohitajika kwa sehemu kubwa ya ugunduzi huo. Wanyama walikuwa rafuni, wamebandikwa jina lisilo lao. Kuanzia hapo swali la ni nani anayebeba mnyoo, na nani asiyembeba, liliweza kuulizwa sawasawa.

Jamaa wa kopepodi haohao wana upande wa heri. Baadhi ya Mesocyclops hula viluwiluwi wachanga wa mbu. Nchini Vietnam, Brian Kay na Vu Sinh Nam walieleza mwaka 2005 jinsi jamii za vijijini zilivyowatia kopepodi hao katika matangi na mitungi ya maji, na mbu wa homa ya dengi, Aedes aegypti, akaondolewa katika sehemu nyingi. Dar es Salaam imepigwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Anayetaka kujaribu njia ya Vietnam katika jiji hilo lazima kwanza ajue ni Mesocyclops gani waliopo katika visima na madimbwi ya pwani, yupi ni mlaji hodari wa viluwiluwi, na wapi ni salama kumtumia. Kuagiza mnyama kutoka nje bila kumjua wa nyumbani kungekuwa uzembe.

Tatizo la jina lililobeba wengi halikuishia kwa kopepodi. Maabara za Marekani zimemtumia kwa miaka mingi gegereka mdogo aitwaye Hyalella azteca kupima sumu katika maji na tope. Vipimo vya DNA vilionyesha kwamba jina hilo linafunika kundi la spishi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ukaonyesha kwamba baadhi ya makundi hayo yamekuwa sugu kwa dawa za wadudu za jamii ya pairethroidi. Mnyama wa kupimia naye alihitaji kupimwa.

Milima ya Usambara inaongeza sura mbili. Kwa muda mrefu waliochunguza usubi, ugonjwa unaopofusha, walimjua nzi Simulium neavei akiwa mkubwa lakini hawakuwapata watoto wake kwenye mawe na majani ya mitoni, mahali wanapokaa watoto wa nzi wengine wa jamii hiyo. Mwaka 1950 van Someren na McMahon, waliofanya kazi Kenya, waliwaeleza: walikuwa wamejibandika juu ya miili ya kaa wa mtoni. Nzi wengine wenye tabia hiyo wakachunguzwa katika mito ya Usambara. Tangu hapo, kumjua kaa kukawa sehemu ya kumjua nzi.

Sura ya pili ni ya kaa mwenyewe. Mwaka 2004 Neil Cumberlidge na Marco Vannini walimweleza Potamonautes raybouldi, kaa anayeishi katika mashimo ya miti yaliyojaa maji, Usambara na Shimba Hills. Huyu si mnyama wa kutafutwa kwa hadubini. Ni kaa anayepanda mti, katika misitu ambayo wanasayansi walikuwa wameipita na kuipitia tangu enzi za Stuhlmann, na alingoja hadi karne ya ishirini na moja. Ikiwa kaa aliweza kukosa jina kwa muda huo, hali ya ostrakodi wa milimita nusu katika shimo lilelile la mti si ngumu kukisia.

Ugunduzi mwingine hauna hata haja ya msitu wala ziwa kuu. Ukoo wa ostrakodi uitwao Darwinulidae ulikuwa umeaminiwa kuishi kwa miaka milioni 200 bila madume, majike wakizaa majike. Mwaka 2006 Robin Smith, Takahiro Kamiya na David Horne walitangaza madume watatu wa spishi mpya, Vestalenula cornelia, kutoka kisiwa cha Yakushima, Japani. Wanyama watatu walitosha kuwarudisha wataalamu wa uzazi kwenye daftari zao. Na mwaka 1880 František Vejdovský alimpata Bathynella, gegereka asiye na macho wa kundi lisilojulikana kabisa, ndani ya kisima cha mjini Prague. Visima vya Pwani, vya mawe ya matumbawe, bado vinangoja msomaji wa namna hiyo.

Vifaa vya kuanzia havizidi uwezo wa chuo. Wavu wa matundu madogo, spiriti, sindano na hadubini nzuri vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi. Adimu zaidi ni mtu aliyefundishwa miaka kadhaa kusoma mguu wa tano, na ajira inayomruhusu kuendelea kuusoma. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania ina kituo Kigoma. Makumbusho ya Taifa ya Kenya ina mikusanyo mikubwa ya wanyama Nairobi. Vyuo vikuu vya ukanda huu vina idara za zoolojia na za sayansi za maji. Kanuni za kimataifa za majina ya wanyama hazidai kwamba kielelezo kikae Ulaya. Kinaweza kuhifadhiwa Nairobi au Dar es Salaam, mradi kitunzwe na kionyeshwe kwa anayekihitaji.

Mhadhara huu unapendekeza kazi ya kwanza iwe Zanzibar. Maelezo ya Vávra na Mrázek yaliandikwa kabla ya maswali ya leo kuulizwa, na michoro yao haionyeshi vinywele vyote ambavyo sasa hutenganisha spishi. Mpaka wanyama wapya wachotwe katika maeneo ambayo Stuhlmann alichota, hakuna atakayejua kwa hakika ni wepi kati ya ostrakodi na kopepodi wa kisiwani wanaostahili majina yale ya 1895, na ni wepi wanaoyabeba kwa makosa. Kila sehemu ichotwe mara mbili, wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Mahali palipokauka uchukuliwe udongo na utiwe maji, kama alivyofanya Sars. Nusu ya wanyama wachorwe, nusu wapimwe DNA, na seti kamili ibaki Zanzibar, pamoja na orodha ya Kiswahili inayotaja kisima, kijiji na tarehe, ili mwanafunzi wa Makunduchi au Mkokotoni aweze kwenda kwenye maji yaleyale na kuwatafuta mwenyewe.